Korongo nyuma ya nyumba, na kozi ya usanifu wa mandhari

Swali: "Shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia), naishi Kongwa. Kwenye mwongozo wa udahili nimeona shahada ya usanifu wa mandhari. Baba anasema hiyo ni kozi ya kupanda maua ya wakubwa, na kwamba mtoto wa mkulima hawezi kulipiwa ada miaka yote hiyo akajifunze kushika mpira wa maji. Mimi napenda mimea na napenda kuchora. Ni kozi gani hasa, inasomwa wapi, na kazi ipo? Halafu nyuma ya nyumba yetu kuna korongo linakula kiwanja kila masika, mwaka huu limekaribia choo. Hilo nalo linahusiana na kozi hii, au nimeota?"

Marahaba, mwanangu. Hujaota. Korongo lenu ndilo somo lenyewe, na nitalirudia mwishoni. Kwanza tumjibu mzee.

Baba yako hajakosea sana, amesema tu anachokiona. Hapa kwetu jengo linaisha, rangi inakauka, mgeni rasmi anakuja Jumamosi, ndipo mtu anakumbuka: "Hivi nje kuko tupu, tutafutieni mtu wa bustani." Huyo mtu wa bustani anafika Jumatano na pikapu ya miche, anaichomeka kwenye kifusi cha zege kilichofunikwa udongo kiganja kimoja, anapiga picha, analipwa. Ukiona miti mirefu myembamba imepangwa kama mishumaa kando ya ukuta, isiyompa mtu kivuli hata cha kuweka kiti, ujue ilipandwa Jumatano kabla ya Jumamosi. Kama kozi ingekuwa hiyo, hata mimi ningemshauri mzee aweke hela yake kwenye mbuzi.

Kazi yenyewe ni kupanga ardhi iliyo nje ya kuta: maji ya mvua yatapita wapi na yatazama wapi, watu watatembea wapi, kivuli kiangukie wapi saa nane mchana, udongo upi uguswe na upi uachwe, kisha nani atatunza. Mimea ni sura ya mwisho ya kitabu. Wanafunzi wengi wanaanza nayo kwa sababu ndiyo tamu.

Unatoka Kongwa, kwa hiyo shamba la karanga la Waingereza umelisikia. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kufyeka vichaka vya huko kwenu ili ilime karanga za kukamua mafuta, maana baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa haba kwao. Mpango mzima ulilenga ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa yake Tanganyika. Walileta matrekta, wakaleta hata mitambo iliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikawapa kazi ambayo hawakuiandika kwenye bajeti. Kisha udongo ukajitokeza ulivyo: una mfinyanzi, ukinyeshewa unalainika, ukikauka unakuwa saruji. Na karanga huvunwa wakati ardhi imekauka. Mvua nayo haikufuata kalenda iliyochorwa London. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafungwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamekwenda na maji.

Fedha zilikuwepo, mitambo ilikuwepo, nia ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kupiga jembe chini mwezi wa saba na kuuliza, karanga hapa itang'oka vipi? Mtu huyo ndiye kozi hii inajaribu kumtengeneza. Mweleze baba yako kwa mfano huo. Bibi na babu wa Kongwa hawahitaji kutafsiriwa.

Nami sina haki ya kuwacheka Waingereza. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilipewa kupanga uwanja wa taasisi moja hapa Dodoma, nisiyoitaja. Nilichora mchoro wa kupendeza: miti 300, mistari iliyonyooka, kila shimo na kipimo chake. Tulipanda Machi, mvua ikiwa inakaribia kuaga, kwa sababu hela ilitoka Februari. Boza la maji lilikuja wiki sita, kisha dizeli ikakosekana. Kufika Septemba nilikuwa natembea katikati ya vijiti. Miti sita tu ilikuwa na majani, yote kwenye kona moja, chini ya mdomo wa kalvati la barabara. Maji ya barabara nzima yalikuwa yanatupwa pale kila mvua, yanatuama, yanazama. Hiyo sita hakuna aliyeimwagilia. Nilikaa kwenye ukingo wa kalvati nikala chapati yangu nikiitazama, nikaona kabisa kwamba mchoro wangu ulipaswa kuanzia pale nilipokaa.

Tangu siku hiyo, kiwanja chochote nikipelekwa, naulizia kwanza kalvati, mifereji na mapaa. Dodoma mjini hupata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na nyingi huja kwa vishindo vichache. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Watu husema hapa hakuna maji. Piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina paa la mita za mraba 80. Kwa milimita 570 paa hilo linapokea lita 45,600. Toa yanayorukia pembeni na kukauka kwenye bati, bado unabaki na zaidi ya 36,000, yaani matangi saba ya lita 5,000 yaliyojaa. Kwa nyumba nyingi maji hayo huanguka chini ya upenio, yanachimba kifereji, yanatoka getini, na kesho yake mama ananunua ndoo.

Chini ya ardhi nako kuna hadithi. Kwa miaka mingi mji huu umekunywa maji ya visima vya Makutupora. Kina cha maji pale kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na wanasayansi waliochambua vipimo hivyo waliona kwamba kwa miaka mfululizo maji hushuka tu, halafu ikija mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, hupanda kwa mpigo. Sehemu kubwa huingilia kwenye mchanga wa mito ya msimu, ile mito ambayo mwezi wa nane watu huvuka kwa miguu wakidhani ni barabara. Sasa mtu akipata kiwanja kwenye mto wa mchanga kama huo akausakafia kwa zege, amefunga mdomo ambao mji unanywea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu zikae mita 60 kutoka kingo za mito. Ukiwa msanifu, utakuwa mtu wa kuichora hiyo mita 60 kwenye karatasi kabla mtu hajauza kiwanja. Hutapendwa siku hiyo.

Sasa chuoni utafanya nini. Kutakuwa na vipindi vya udongo, botania, upimaji, historia ya miji, uchoraji, ujenzi wa vitu vya nje kama ngazi na kuta za kushikilia udongo, na sheria. Lakini roho ya kozi ni stadio. Unapewa kiwanja cha kweli, ramani yenye kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, na wiki chache. Unakwenda kukitembelea, unarudi, unachora, unafuta, unakesha, kisha unabandika karatasi ukutani na walimu wanasimama mbele yake mikono nyuma. Mmoja atakuuliza: "Maji ya hapa yanakwenda wapi?" Ukijibu "yatatoka tu," umekwisha. Wapo wanaolia siku hiyo. Si vibaya, mradi kesho yake urudi na jibu.

Kontua ndiyo alfabeti yenu. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ni tambarare. Ikijikunja kuelekea juu ya kilima, hapo maji hupita. Hesabu zake si za kutisha: mteremko wa asilimia 2 ni kushuka sentimita 2 kwa kila mita, na kibaraza kinachotoa maji vizuri hakihitaji zaidi ya hapo. Nakuona CBG ukiogopa hesabu. Kama unaweza uwiano na asilimia bila kutafuta simu, utavuka. Baiolojia na jiografia zitakubeba sehemu kubwa, na kemia utaikuta kwenye udongo wa chumvi.

Utasikia pia jina la Ian McHarg, Mskochi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani. Miaka ya 1960 alieneza mtindo wa kuchora kila jambo kwenye karatasi yake angavu: udongo, miteremko, mafuriko, misitu. Halafu unalaza karatasi moja juu ya nyingine, na palipobaki peupe, pasipotiwa rangi ya tatizo lolote, ndipo pa kujenga. Siku hizi kazi hiyo inafanywa kwa QGIS, programu ya ramani ya bure kabisa, na kompyuta ya kawaida inaiweza. Usimsumbue baba kwa laptopu ya bei mbaya mwaka wa kwanza. Daftari lisilo na mistari na penseli laini vitakufaa zaidi, na usijilinganishe na kamera: mchoro wetu kazi yake ni kufikiri, uzuri ni ziada.

Kuhusu hilo neno la ikolojia ambalo kila mtu anapenda kulitamka sasa. Nenda siku moja Kondoa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden, kwa sababu ardhi ya Kondoa Irangi ilikuwa imekatwakatwa na makorongo ambayo ng'ombe akiingia haonekani. Kwanza walijenga matuta kwa matrekta na kupanda miti. Kisha 1979 wakachukua uamuzi mzito: mifugo yote iondoke kwenye eneo lile lililoliwa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, makorongo mengi yakatulia. Lakini kuna familia zilizoswaga ng'ombe wao kuwapeleka kwa ndugu mbali, na mtoto aliyezoea maziwa akaanza kuyasikia kwa jina. Baadaye ng'ombe wachache wa kufugwa zizini waliruhusiwa. Mimi huwapeleka vijana wanaofanya mazoezi ya kazi kwangu wakaone vyote viwili, kilima kilichopona na mzee anayekumbuka zizi lake, kisha nawauliza wangepanga vipi. Hakuna aliyewahi kunipa jibu lililonitosha, na mimi sijajipa.

Kinachonivutia zaidi siku hizi ni kazi ndogo. Kisiki Hai, kwa mfano, ambayo imeenea vijijini Dodoma tangu 2018: hupandi mti wowote. Unatafuta kisiki ambacho mizizi yake ingali hai, unachagua machipukizi matatu hadi matano yenye nguvu, unakata mengine na matawi ya chini, unafunga kitambaa ili watu wajue kina mwenyewe, unalinda. Mzizi ule ulishafika kwenye maji zamani. Mche wa kwenye kiroba utahitaji miaka kufika huko, kama utafika. Nchini Niger njia ya namna hiyo ilianza kuenezwa miaka ya 1980. Wenzetu wa Baringo, Kenya, miaka hiyohiyo walipokea mti wa kigeni uliosifiwa kwa kuvumilia ukame, wao huuita mathenge. Ukavumilia kweli, ukafunga njia na malisho, ukaumiza meno ya mbuzi. Ukipewa orodha ya miche ya ajabu, ukumbuke mathenge.

Wapi usome. Hapa nchini shahada yenye jina hilo hasa iko Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ambacho ni chuo kikuu kamili tangu 2007. Masharti ya kuingia yasome kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka wako, si wa kaka yako, na uombe mkopo Bodi ya Mikopo mapema bila kumsubiri mjomba aliyeahidi. Ng'ambo ya mpaka, JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, Kenya, nao wanafundisha. Ukikosa nafasi, usikae nyumbani mwaka mzima: SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine cha Morogoro, watakupa misitu, udongo na kilimo cha bustani kwa kina kuliko sisi wachoraji tunavyopata, Chuo cha Mipango hapa Dodoma wana mipango ya mazingira, Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, wanatoa stashahada. Nimefanya kazi na mtu aliyetoka kwenye misitu akajifunza kuchora baadaye, na kwenye uwanja mkavu ningemchukua yeye kabla ya mchoraji hodari asiyejua mzizi. Usajili wa kitaaluma, baada ya shahada na mafunzo ya kazini, uko chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

Kazi ipo? Nitakwambia kama ningemwambia mwanangu. Matangazo yenye cheo hicho ni machache, na ukikaa ukisubiri tangazo utazeeka. Kazi yenyewe ipo chini ya majina mengine: kampuni za ushauri wa mazingira zinazofanya tathmini ya athari, makandarasi wa barabara wanaotakiwa kurudisha uoto kwenye mashimo ya kifusi, migodi inayofunga, hoteli, halmashauri, vitalu. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji 2018, na tangu hapo tumepata mji wa Serikali Mtumba, reli ya SGR, ujenzi wa uwanja wa ndege Msalato na wa barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3. Kila kimoja kati ya hivyo kimegeuza njia ya maji mahali fulani, na mtu wa kuyapanga upya anatafutwa, hata kama anayemtafuta hajui anaitwaje. Jifunze pia kuandika BOQ, ule mchanganuo wa vipimo na bei. Wahitimu wengi wanachora vizuri ila mteja akiuliza "shilingi ngapi?" wanatazama dari.

Na kama baba bado anakunja uso, mpe hili: mpango wa kwanza wa makao makuu haya, wa 1976, ulitengenezwa na kampuni ya Toronto, Kanada, Project Planning Associates. Aliyeiongoza kampuni hiyo, Macklin Hancock, alikuwa msanifu wa mandhari. Mtu wa maua, kwa lugha ya mzee.

Sasa korongo. Usitupe takataka humo. Maji yanazizunguka na kula kingo. Usipande mti kwenye kichwa cha korongo, pale juu linapoanzia, ukidhani utalizuia, utaanguka nao. Tatizo liko juu, yanakotoka maji. Panda mteremko ukatazame: kwa kuwa ni kiangazi hutayaona maji, ila yameacha sahihi. Majani makavu na mifuko iliyonasa kwenye uzio, mizizi iliyobaki uchi, mstari wa mchanga laini. Fuata mpaka ujue ni paa la nani, njia ya ng'ombe ipi, au kalvati lipi linaloyaleta. Mara nyingi ni njia iliyonyooka kushuka kilima, watu wameipita mpaka imekuwa mfereji. Ongea na majirani wa juu kwa heshima, nenda na mama kama ni wakubwa kwako.

Kisha chukua kopo la maziwa, toa mfuniko na kitako chake, lipige kwenye udongo vidole vinne, jaza maji na utazame saa. Fanya hivyo sehemu tatu: njiani, chini ya mti, shambani. Andika dakika. Pale yanapozama haraka ndipo pa kuchimba tuta la kuyapokea, limelala kufuata usawa wa kilima. Ndani ya korongo pangeni mawe kwa safu, kimo cha goti, kila safu imezama kwenye kingo zote mbili, na katikati iwe chini kuliko pembeni kama mgongo wa tandiko, la sivyo maji yatapita ubavuni na kuanza korongo jipya. Anzeni safu za juu, na safu inayofuata ikae pale ambapo kilele chake kinalingana na kitako cha ile ya juu yake. Kwenye kingo wekeni mkonge na minyaa, havihitaji boza.

Kabla ya yote hayo, pigeni kigingi kimoja mita tatu kutoka kichwa cha korongo kuelekea chooni. Andika tarehe, chora kiwanja chote kwenye daftari, uweke alama ya kigingi. Mvua za Desemba zikianza, vaa koti usimame nje saa nzima ukiangalia. Aprili pima tena umbali ule. Kama utakuwa umeitwa Ardhi kufikia hapo, kipimo atakipiga baba, na karatasi hiyo ukaibandike ukutani siku yako ya kwanza ya stadio.